Mwaka Niliokuwa Mkubwa wa Majasusi

Mzee Maulidi tulimzika Itetemia siku ya Ijumaa baada ya swala, na mpaka khitma yake inasomwa hakuna mtu aliyetaja habari za filamu. Walitaja kazi yake ya reli, walitaja subira yake na bustani yake ya mchicha. Simlaumu yeyote, maana habari za banda la video si za kuzungumzia matangani. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu nachambua mchele, na kila mtu aliposema, "Marehemu alikuwa mkimya sana," ilinibidi nijifunike uso kwa mtandio, wakadhani nalia. Sauti ya mkimya huyo zamani ilikuwa ikitoka sokoni ikafika kona ya msikiti. Baadaye nikajisuta. Huenda wenzangu walisema kweli, na nyumbani alikuwa mkimya kwa sababu sauti zote alikwisha kuzitumia bandani. Mimi nilimjua kwa karibu mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja si kipimo cha mtu.

Nina desturi ya kuandika mistari michache kila siku, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na mwandiko wangu naujua mwenyewe. Madaftari ya mwaka ule yaliliwa na mchwa. Kwa hiyo haya ninayoyaandika yanatoka kichwani, na kichwa changu hupenda kurembesha. Pale nitakapokuwa na shaka, nitasema.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, naishi kwa shangazi yangu Mwamvua, Ng'ambo hapa hapa Tabora mjini. Shangazi alipika, mimi nikatembeza: chai ya maziwa kwenye birika kubwa, vitumbua, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa karanga wakati wa kiangazi. Kituo changu cha mwisho kila asubuhi kilikuwa banda la video. Lilikuwa chumba kirefu cha matofali mabichi, madirisha yamezibwa kwa magunia ya pamba, mabenchi yamepangwa kama ya darasani, na mbele kabisa luninga imefungiwa ndani ya sanduku la mninga lenye kufuli. Chini ya luninga palikuwa na deki ya kanda, na pembeni yake kiti cha Bwana Maulidi. Wakati huo hakuwa mzee bado. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na maiki yake aliifunga leso ili isipige miluzi. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Filamu ilikuja na Kiingereza chake, yeye akapunguza sauti ya wazungu ikabaki kama nyuki wa mbali, kisha akasema kila mtu kwa Kiswahili: jasusi, adui, dereva, mtoto, hata mbwa. Kiingereza chake kilikuwa cha reli, cha breki na vituo. Palipozidi breki na vituo, alijaza mwenyewe.

Wateja walipenda kila aina ya filamu, lakini moja waliihesabu kuwa yao. Ilikuwa mfululizo wa filamu za jasusi mmoja wa Ulaya, ulioanza kabla mimi sijazaliwa na ambao kila miaka michache ulizaa nyingine. Jina lake la kwao hatukuweza kulitamka, kwa hiyo Tabora aliitwa Bwana Koti. Kila filamu ilianza kwa yeye kuingia ofisini na kulitundika koti lake refu la kijivu, ikaisha kwa yeye kulitungua na kuondoka. Bwana Maulidi alijenga ada yake juu ya jambo hilo. Kabla ya kubonyeza deki aliuliza kwenye maiki, "Koti liko wapi?" Banda zima likaitika, "Liko msumarini!" Na mwisho wa filamu akasema, "Koti limeondoka, na nyinyi ondokeni," watu wakasimama wakikung'uta nguo zao.

Tabu ilianza waigizaji walipobadilika. Kwao, nimekuja kuambiwa baadaye, mtu anabaki yule yule. Mwigizaji wa kwanza akizeeka wanamweka mwingine, na watazamaji wanakubaliana kutoona. Sisi tuliona. Siku sura ya pili ilipoingia na lile koti, mtu mmoja alisimama akasema, "Maulidi, huyu mwizi. Hilo koti la mwenzake." Bwana Maulidi, bila kukawia, akajibu kwenye maiki, "Kaa chini. Yule wa kwanza ametangulia mbele ya haki. Huyu amerithi." Kisha akawakumbusha habari ambayo kila mtoto wa Tabora amewahi kuisikia kwa wakubwa: misafara ya zamani iliyopita hapa kwenda pwani ilikuwa na kirangozi, mtu wa mbele, amevaa joho jekundu. Akianguka njiani, joho lake alilivaa mwingine siku ile ile. "Msafara haulali," akasema. Watu wakaridhika kabisa. Tangu hapo kwetu Bwana Koti hakuwa mtu, alikuwa cheo. Na mwenye banda, aliyemwajiri Bwana Maulidi, alipoleta kanda ya zamani, na ile sura ya kwanza ikatokea tena, hakuna aliyeshtuka. Waliambizana, "Hii ni habari ya marehemu," na wengine wakamwombea.

Nimewahi kujiuliza kama aliwadanganya. Hakuelewa filamu, hilo ni kweli, lakini alituelewa sisi.

Ule mwaka ninaousema, sura ya tatu ndiyo iliyotawala, na filamu zenyewe zilikuwa zimebadilika tabia. Wa kwanza alipiga risasi watu kumi bila koti kupata mkunjo. Wa pili alikuwa mcheshi, ana gari linaloogelea, na maadui zake walitaka kuizamisha dunia nzima kwa sababu ambazo Bwana Maulidi hakuwahi kuzieleza tukaridhika. Huyu wa tatu alitoka damu. Alichoka. Aliketi peke yake kwenye chumba kisicho na kitu akatazama ukuta, na adui yake hakuwa tena nchi ya mbali, alikuwa mtu wa ofisi ile ile, wanakunywa chai pamoja. Bandani palizuka ugomvi wa wiki nzima. Nilikuwa nasikia nikiosha vikombe barazani.

"Jasusi gani analia?"

"Amefiwa na rafiki yake, asilie?"

"Akalie nyumbani kwake. Mimi nikitaka kuona mtu anayelia na kudaiwa najitazama kwenye kioo."

"Wewe unataka yule wa gari la kuogelea."

"Ndiyo, namtaka. Alinipumzisha."

Sikuona mwenye makosa. Yule wa zamani alikuwa uongo mtamu, na mtu aliyebeba magunia kutwa ana haki ya uongo mtamu. Lakini mimi nilimpenda wa tatu, kwa sababu nilimwamini.

Kilichowashinda kabisa ni mkubwa wa ofisi. Filamu zote za nyuma mkubwa alikuwa mzee wa kiume mwenye kiko, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja uso. Sasa aliketi kwenye kiti kile mwanamke mtu mzima, mvi kichwani, hacheki, na Bwana Koti anasimama mbele yake mikono nyuma. Bwana Maulidi sauti za wanawake alizifanya kwa kujibana pua. Kwa wale warembo wa filamu za zamani, ambao walikuja kuzimia na kuokolewa, pua ilitosha. Huyu hakuzimia. Katika filamu moja anasimama kaburini kwa kijana aliyemtuma mwenyewe akafa, anasema maneno machache, na Bwana Maulidi alipoyasema kwa pua, banda lilivunjika kwa kicheko. Watu walishika mbavu. Nilichungulia mlangoni nikamwona ameshusha maiki magotini. Filamu ikaendelea kwa Kiingereza mpaka mwisho, na siku hiyo hakusema koti limeondoka.

Kesho yake asubuhi nilimkuta peke yake, anairudisha kanda pale pale kaburini. Alikuwa na desturi ya kutazama kwanza bila watu, anatafuna matobolwa, anajaribu maneno.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimina. Hebu mtazame huyu mama. Unadhani anasema nini?"

Nilisema sijui Kiingereza.

"Sijakuuliza Kiingereza."

Nilimtazama yule mama. Alikuwa ameshika glavu zake mkono mmoja, kama shangazi anavyoshika kanga yake akitoka kuzika. Nikasema, "Nilikutuma mimi. Wakiniuliza kwa Mungu, nitasema nilikutuma mimi."

Bwana Maulidi aliacha kutafuna. Akarudisha kanda.

"Rudia," akasema.

Jioni ile alikuja kwa shangazi, amevaa kanzu. Niliwekwa jikoni kusonga ugali, nikausonga polepole ili nisikie. Shangazi Mwamvua hakuwa mkali, ila alikuwa na jina lake mtaani na alililinda. Walipatana hivi: nisionekane, nikae nyuma ya pazia, jina langu lisitajwe, filamu ziwe za mchana, nirudi kabla ya magharibi, na maneno ya mapenzi nisiyaseme kamwe.

"Hayo nitasema mwenyewe," Bwana Maulidi akamwahidi.

"Yote mawili, ya mwanamume na ya mwanamke?"

"Yote mawili, dada."

"Haya. Hilo ningependa kulisikia," shangazi akasema, na nikajua amekubali.

Pazia lilikuwa kanga mbili zilizoshonwa pamoja, na tundu dogo la kuonea luninga. Siku ya kwanza, ilipofika zamu ya mkubwa, nilisema, "Funga mlango," maneno mawili tu, na mabenchi yote yakaacha kulia. Sikudhani kama ni mimi. Mpaka leo sidhani kama nilikuwa na kipaji. Nadhani walikuwa hawajawahi kusikia mwanamke akiongea mle ndani, na kitu kigeni huvuta sikio. Lakini sitasema uongo: nilipotoka kwa mlango wa nyuma na birika langu, mgongo ulikuwa umenyooka. Tulirudia filamu zote za sura ya tatu. Kwenye mapenzi Bwana Maulidi alikohoa akasema, "Hapa wanajuliana hali," na banda likacheka kicheko kizuri, kisichomuumiza mtu. Mtaani wakaanza kubishana. Wengine walisema ni mke wa askari. Wengine walisema hamna mtu, Maulidi amenunua mashine. Nilikuwa nawamiminia chai huku wanabishana.

Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu ambacho ningeumia kunyang'anywa. Nilijua pia namna kitakavyopotea: siku nitakapojulikana.

Niliharibu mwenyewe, kama huku ni kuharibu. Ulikuwa msimu wa mnada wa ng'ombe na bandani walijaa wafugaji wa Igunga na Nzega, fimbo zao zimeegemezwa ukutani. Katika filamu ya siku hiyo mkubwa anamkataza Bwana Koti kwenda kumwokoa mwenzake aliyetekwa, maana ni mtego. Bwana Koti anamsihi. Kwenye filamu mkubwa hajibu, anageuka dirishani. Na katika ule ukimya mfugaji mmoja mtu mzima kutoka Choma akasimama, akavua kofia, akaiambia luninga kwa adabu kabisa, "Mayu, mwache aende. Ni ndugu yake." Aliyasema kama anavyomsihi mama yake mzazi. Mtu kama huyo huwezi kumwacha amesimama. Nikamjibu. Nilimjibu kwa Kinyamwezi cha nyumbani, kwamba nikimwacha aende nitazika wawili, na leo sina nguvu ya kuzika wawili. Yule baba akainamisha kichwa. "Wabeja, mayu," akashukuru, akakaa. Hakuna aliyecheka. Lakini mashine haijui Kinyamwezi, na yule mke wa askari waliyemdhania alikuwa mtu wa Kilimanjaro. Kufikia alasiri iliyofuata mtaa mzima ulikuwa unanijua.

Mzee Rajabu ndiye aliyekuja kwa niaba ya mtaa. Alikuwa fundi cherehani, baraza lake limetazamana na banda, mtu wa msikitini aliyeheshimiwa kwa haki. Sitaki kumfanya adui. Alinishonea sare ya shule nilipokuwa sina, na siku hiyo alikuja na halua mkononi. Waliketi uani, yeye, shangazi na Bwana Maulidi, na kahawa chungu. Mimi nilikuwa kwenye mafiga, natazama maharage yasiyohitaji kutazamwa.

"Mwamvua, sisemi mtoto kafanya uchafu," akaanza. "Nasema sauti ya binti ikishatoka kwenye spika, kila mpitaji anaichukua. Kesho atakuja mposaji, ataambiwa huyu ndiye yule wa banda."

"Haimbi, Mzee Rajabu," Bwana Maulidi akasema. "Ni mkubwa wa ofisi. Anatoa amri tu."

"Najua anatoa amri. Juzi si alimwambia yule kijana arudishe bastola mezani, na kijana akagoma, akamwambia basi rudisha na koti?"

Bwana Maulidi akaweka kikombe chini.

"Wewe mbona huingii bandani," Bwana Maulidi akasema, "umeyajuaje?"

"Masikio hayana mlango," Mzee Rajabu akajibu, akapuliza kahawa yake ambayo ilikwisha kupoa.

Shangazi hakucheka, ingawa namjua, tumbo lake lilicheka. Alimgeukia Bwana Maulidi. "Huyo mama anaamrisha wanaume?"

"Anawaamrisha."

"Watu wazima?"

"Wenye bunduki, dada."

"Na wanatii?"

"Wengine wanabisha kwanza. Mwisho wanatii."

Shangazi alitazama jikoni. Sijui aliona nini. Mimi nilikuwa nimegeuza uso. Aliwahi kuachwa na mume aliyeondoka bila kusema neno, na miaka yote hakuna mwanamume aliyewahi kutii chochote alichosema, hata mwenye nyumba. Lakini hapo labda narembesha. Alichosema ni hiki: "Basi aendelee mpaka mfungo. Mwezi mtukufu ukiingia tutazungumza upya."

Mzee Rajabu alisema haya, ni neno la mlezi. Akaniachia halua.

Nilifanya kazi mpaka mfungo, bila pazia. Shangazi mwenyewe alilishusha, akasema kanga zake zinachakaa bure. Nilikaa pembeni ya Bwana Maulidi, tukigawana maiki moja yenye leso, yeye akiisogeza kwangu na mimi kwake, na tukafika mahali hatukuhitaji kutazamana. Mara moja nilimwomba nimseme Bwana Koti, kipande kimoja tu. Akakataa bila ukali. "Koti lina mwenyewe," akasema. Nilinuna siku nzima, kisha nikaona ana haki. Mimi pia nisingempa mkubwa wangu.

Mfungo ukaingia, banda likafungwa. Nilikwisha kutayarisha maneno ya kumwambia shangazi baada ya Idi. Sikuyahitaji. Mwenye banda aliporudi kutoka Dar es Salaam alikuja na mashine mpya ya sidii, na filamu zake zilikuwa zimekwisha kutafsiriwa huko huko, sauti imo ndani. Bwana Maulidi alilipwa stahili yake, akaambiwa asante. Sikunyang'anywa na wazee wala na mtaa. Nilikuwa nimejiandaa kupigana upande mmoja, mlango ukafungwa upande mwingine. Siwezi kumlaumu mwenye banda, sidii haiugui wala haiombi ruhusa kwa shangazi. Siku ya kwanza tulikwenda kusikiliza, mimi na Bwana Maulidi, tumekaa nyuma kama wageni. Mtafsiri wa Dar alikuwa hodari, ana maneno ya mjini, ana mzaha. Akasema Bwana Koti ni mtu mmoja tangu mwanzo. Mzee mmoja mbele akasema kwa sauti, "Huyu hajui. Mwambieni yule alikufa." Nikamtazama Bwana Maulidi. Alikuwa ameitoa mfukoni ile leso ya maiki, anaifunga na kuifungua.

Sasa turudi matangani. Alasiri baada ya khitma, wageni wamepungua, mjukuu wake wa kike, Saumu, aliyekuja likizo kutoka chuoni, aliegemeza simu yake kubwa kwenye sinia ukumbini. Akasema babu alikuwa anaingoja hii, filamu ya mwisho ya Bwana Koti, imetoka, yeye hakuwahi kuiona. Haikuwa na tafsiri. Tukajisogeza, wazee wachache tuliobaki. Mzee Rajabu alikuwepo, amezeeka sana, macho yameingia ukungu, tasbihi mkononi. Sura ilikuwa nyingine, sikumjua mtu yeyote. Mkubwa wangu alikwisha kuuawa katika filamu zilizopita, nikaona picha yake tu, imetundikwa ukutani ofisini. Huyu Bwana Koti alikuwa mzee. Alikimbia akishika goti. Na mwisho, mahali penye theluji, akaanguka, akawa anazungumza kwenye kisimu kidogo, midomo inatingishika, Kiingereza cha pole pole ambacho sikuambulia hata neno.

"Bibi Zuhura," Saumu akasema taratibu, "babu alisema wewe unajua. Anasemaje?"

Yeye Kiingereza alikijua kuliko sisi sote. Alikuwa ananiuliza kitu kingine. Nikasita. Sikuwahi kumsema Bwana Koti, na mwenye ruhusa ya kunipa tulikuwa tumemfukia Ijumaa. Tena ni nyumba ya msiba, si mahali pa kubuni maneno.

Ndipo Mzee Rajabu, ambaye simu hakuiona kabisa, akainua uso kuelekea ile sauti ya theluji na upepo. "Zuhura," akaniita. "Koti liko wapi?"

Nikatazama kioo. Koti lilikuwa chini yake, limechanika, limelowa damu. Mimi si mtu wa kusema nisichokiona. Koo langu siku hizi lina mikwaruzo, nikalisafisha, nikamsogelea mzee.

"Liko msumarini," nikasema.

Mzee Rajabu aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye tasbihi yake. Wanawake walikuwa wameacha kuchambua mchele. Saumu akanyoosha kidole, akairudisha filamu nyuma kidogo, midomo ya yule mzee ikaanza tena kutingishika.

"Rudia, bibi," akasema.